Motokaa Imekufa, Fedha ya Sevisi Iko Wapi?

Wako wasemaji wengi wa Kiswahili wanaoishi Marekani, na katika miji mingi ya huko mtu asiye na motokaa hata kazini hafiki. Siku ya kununua, bei ikiisha kupatanwa, mnunuzi huingizwa chumbani kwa karani wa fedha. Hapo huonyeshwa karatasi nyingine: alipe mbele sevisi za miaka kadhaa, yaani kubadilisha oili na chujio na kuhamisha magurudumu. Mara nyingi gharama hiyo hutiwa ndani ya mkopo, naye hutia sahihi bila kuielewa sawasawa.

Basi motokaa ikagongwa. Kampuni ya bima ikiona kuitengeneza ni hasara, huichukua ikalipa thamani yake ya kabla ya ajali. Katika thamani hiyo, sevisi zilizolipiwa kwa kawaida hazihesabiwi. Wengi hudhani yote yamekwisha. La, hayajaisha! Sevisi zina mkataba wake wa peke yake, na mikataba mingi huweza kuvunjwa, sehemu isiyotumika ikarudishwa. Lakini usingoje duka likuletee fedha nyumbani, sharti uombe.

Tuseme baba mmoja alilipa dola 900 kwa sevisi 6, akatumia 2. Zimebaki dola 600, zitolewe na ada ya kuvunja mkataba. Mikataba mingine huhesabu kwa miezi au maili, na hapo jibu huwa jingine. Katika jimbo la California, sheria yasema ada hiyo isizidi asilimia 10 ya bei ya mkataba au dola 25, ile iliyo ndogo. Majimbo mengine yana sheria zake, na iko mikataba isiyorudisha kitu. Hata hivyo duka huweza kukubali kuzihamishia sevisi kwenye motokaa nyingine ukinunua kwao. Uliza kabla ya kununua, wakati bado wanakutaka! Sevisi za bure, kama ToyotaCare, hukuzilipia, basi hazina marudisho.

Ombi lifanywe kwa barua, lenye namba ya mkataba, tarehe ya ajali, maili zilizosomwa na nakala ya barua ya bima. Lipeleke dukani na kwa kampuni iliyotajwa katika mkataba, nawe ubaki na nakala. Jambo linalosahauliwa mno ni hili: karatasi zenyewe mara nyingi zimo katika kisanduku cha mbele, nazo huchukuliwa pamoja na mabaki. Zitoe mapema, ukapige na picha ya saa ya maili.

Kama mkopo haujaisha, fedha huenda kwanza kwa mkopeshaji. Usikasirike, deni lako limepungua. Tena, ikiwa ulinunua na dhamana ya nyongeza, au ile bima ya kufidia deni linalozidi thamani ya motokaa, zitazame karatasi zake pia, maana nazo huenda zikawa na kitu cha kurudishwa.