Saa ya Kwanza ya Kinyama: Kipimo cha Vipokezi vya Homoni (Sehemu ya Pili)

Makala ya wiki iliyopita iliishia pale mwanamke wa kijiji cha Mkwaja anapoambiwa kwamba uvimbe kwenye titi lake ni saratani. Swali linalofuata huulizwa na wachache mno: ni saratani ya aina gani?

Estrojeni na projesteroni husafiri ndani ya damu, na zikifika kwenye seli za titi hupiga hodi. Anayeitika "karibu" ni kipokezi, protini iliyomo ndani ya kiini cha seli. Saratani nyingi za matiti, kama 7 katika kila 10 duniani, bado zina vipokezi hivyo. Kila hodi inapoitikiwa, seli hupata amri ya kugawanyika na uvimbe hukua.

Dalili za uhusiano huo zilionekana kabla kipokezi hakijajulikana. Mwaka 1896, Wajerumani wakiwa bado wanajenga hospitali ya Ocean Road mjini Dar es Salaam, daktari George Beatson wa Glasgow alieleza jinsi alivyomwondolea mgonjwa ovari na uvimbe wa titi ukanywea. Ilipita zaidi ya nusu karne ndipo Elwood Jensen, kule Chicago, akaonyesha kipokezi cha estrojeni. Leo wengi huzuiliwa homoni kwa kidonge. Tamoksifeni, miligramu 20 kila siku kwa miaka 5 au zaidi, huketi kizingitini pa kipokezi, estrojeni ikakosa pa kuingilia. Kwa saratani yenye vipokezi iliyogunduliwa mapema, hupunguza vifo kwa takriban theluthi moja. Ni dawa kongwe, ya bei nafuu. Saratani isiyo na vipokezi, haiigusi.

Ndiyo maana jibu la kipimo cha vipokezi ni zito, na jibu lenyewe linategemea kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe.

Mvuvi wa Mkwaja analijua jambo hili kuliko anavyodhani. Samaki aliyekaa juani bila barafu bado ana umbo la samaki, lakini mnunuzi akimfunua mashavu na kukuta wekundu umepotea, humrudisha chini. Kinyama nacho huanza kuharibika mara kinapokatiwa damu, na vipokezi ni miongoni mwa vinavyowahi kupotea. Barafu yake ni formalini: kiingie humo ndani ya saa moja, kikae kwa saa 6 hadi 72. Dawa hiyo iwe nyingi, kama mara kumi ya kinyama, na uvimbe mkubwa upasuliwe vipande, kwa kuwa formalini hupenya polepole, kama milimita moja kwa saa.

Kutoka Mkwaja hadi Hospitali ya Bombo kuna Mto Pangani wa kuvuka, kisha barabara ya kwenda Tanga. Sampuli yenyewe huenda ikasafiri tena hadi maabara kubwa kama ya Muhimbili. Umbali huo haukiharibu kinyama kilichowahi formalini. Kinachokiharibu ni kusahauliwa mezani mchana kutwa.

Maabara hukigandisha katika nta, hukikata utando mwembamba kuliko unywele, kisha hukipaka kingamwili inayong'ang'ania kipokezi. Chini ya hadubini, viini vyenye vipokezi huonekana vya kahawia. Vikifika hata 1 kati ya 100, jibu ni "vipo". Mtaalamu makini hutazama pia seli za titi zisizo na saratani zilizomo katika kipande hicho hicho, kwani baadhi yake hupaswa kuwa na rangi. Nazo zikiwa hazina, "havipo" si jibu la kuaminika, kipimo kirudiwe. Bila uangalifu huo, mwanamke atanyimwa kidonge ambacho kingemsaidia, na hatajua kamwe.

Mgonjwa, au ndugu anayemsindikiza, ana haki ya kumuuliza daktari kinyama kilikatwa saa ngapi na kikaingia kwenye formalini saa ngapi, na kuomba saa zote mbili ziandikwe kwenye fomu. Aombe pia nakala ya majibu yenye asilimia za vipokezi vya estrojeni na projesteroni. Kwenye karatasi hiyo atakuta pia herufi tatu na tarakimu, HER2, ambazo makala ya wiki ijayo itazieleza.