Tarakilishi Nayo Yataka Komeo

Katika mitaa ya Eastlands, toka Buruburu hadi Kayole, ni nadra kuiona nyumba isiyo na kufuli. Mbona basi tarakilishi inayohifadhi alama na siri za wanafunzi iachwe bila komeo? Wapo walimu wanaoniambia kwamba Linux haiingiliki. Sikubaliani nao. Mnamo Machi 2024, mhandisi Andres Freund aligundua mlango wa siri uliopachikwa katika programu ya XZ. Kilichomzindua ni ucheleweshaji wa nusu sekunde tu. Waama, kilichotuokoa ni mtu aliyekuwa macho, wala si jina la Linux.

Kwa hivyo nashauri: sasisha programu kila wiki, usifanye kazi za kawaida kwa akaunti ya msimamizi mkuu, anayeingia kutoka mbali atumie ufunguo wa kidijitali badala ya nywila, zima huduma zisizotumika, weka nakala nje ya mashine, na ujaribu kuirejesha.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yamtaka mwenye kuhifadhi habari za watu azilinde. Tukizembea, atakayeumia ni mtoto ambaye alama zake zimechezewa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.