Filamu ya Songea Ionyeshwe Songea

Februari 2024, katika Tamasha la Filamu la Berlin, ilizinduliwa filamu ya maisha halisi iitwayo The Empty Grave, iliyoongozwa na Cece Mlay wa Tanzania na Agnes Lisa Wegner wa Ujerumani. Yaonyesha jinsi ukoo wa Nduna Songea Mbano, shujaa wa Majimaji aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, unavyotafuta kichwa chake kinachoaminika kupelekwa Ujerumani.

Tunawapongeza waongozaji hao. Lakini je, yafaa watazamaji wa Berlin waijue habari hii kabla ya mkulima wa Namtumbo au Peramiho? Zamani gari la senema lilifika vijijini; leo mashine ndogo na shuka jeupe vyatosha.

Novemba 1, 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha hapa Songea. Huo ulikuwa mwanzo tu. Madai ya ukoo mmoja hupata nguvu yakiwa ya mkoa mzima, na hakuna adaiye asichokijua. Hivyo twahimiza: kila Februari, tunapowakumbuka mashujaa wetu, filamu hii ionyeshwe hadharani, bila kiingilio.