Kuvuta boti kwa gari dogo: Pima haya kabla ya kuwapakia watoto

Bagamoyo. Kwa familia nyingi za Dar es Salaam, Bagamoyo ndiyo bahari ya mwishoni mwa wiki. Ni mwendo wa kilomita 70 hivi kupitia Tegeta, Bunju, Mapinga na Zinga, na ukifika unapata fukwe, samaki wabichi na mahali pa watoto kucheza. Wenye uwezo huongeza boti ndogo ya faiba ya kuvulia au kuzungukia. Mara nyingi gari la kuivuta ni lile lile la kwendea kazini: Subaru Impreza, Toyota Altezza au Mark X.

Magari haya yana nguvu na mbio, na hilo ndilo linalowapa wazazi imani. Gari linalitoa tela getini bila kuhema, dereva anaona kazi imekwisha. Lakini usalama wa safari hii haupimwi kwa jinsi gari linavyoondoka. Unapimwa kwa jinsi litakavyosimama, watoto wakiwa ndani na mzigo ukilisukuma kwa nyuma.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ajali za barabarani huua takriban watu milioni 1.19 kila mwaka, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Shirika hilo linakadiria pia kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Familia inayovuta boti kwenda ufukweni inakutana na hatari zote mbili ndani ya siku moja.

Uzito kwanza

Hatua ya kwanza ni kusoma kitabu cha gari. Magari mengi ya Tanzania yametumika kwanza Japan na vitabu vyake ni vya Kijapani, hivyo tafuta mtu wa kukusomea au muulize fundi anayelijua gari la aina hiyo. Kinachotafutwa ni uzito ambao gari limeruhusiwa kuvuta. Kama kitabu kinakataza kuvuta tela, jibu ni hapana, hata kama injini ina nguvu kiasi gani.

Pili, jumlisha uzito wote. Chukua mfano wa boti ya faiba yenye kilo 250, injini yake kilo 75, tela kilo 200, lita 24 za petroli ambazo ni kama kilo 18, na nanga, kamba, barafu na vyakula kilo 60. Jumla ni kilo 603. Wengi huhesabu boti peke yake na kusahau kwamba tela nalo ni chuma.

Nchini Uingereza, sheria inataka tela lisilo na breki zake lisizidi nusu ya uzito wa gari linalolivuta, na kwa vyovyote lisivuke kilo 750. Kipimo hicho kinaweza kumsaidia mzazi popote alipo. Gari la kilo 1,400 nusu yake ni 700, kwa hiyo mzigo wa mfano huu umeshakaribia ukingoni.

Sasa weka familia ya watu watano yenye kilo 280 kwa pamoja. Gari na abiria wake ni kilo 1,680. Ukifunga tela, breki zile zile zinatakiwa kusimamisha kilo 2,283, yaani ongezeko la zaidi ya theluthi ya mzigo zilizozoea.

Kwa nini tela huyumba

Injini ya boti hukaa nyuma kabisa. Ikiwa boti imewekwa vibaya, mkia wa tela unakuwa mzito, pua yake inalinyanyua gari kwa nyuma, na tela linaanza kuyumba kushoto na kulia. Gari dogo na jepesi huvutwa nalo.

Kinga yake ni kuhakikisha pua ya tela inalikandamiza gari kwa asilimia 5 hadi 10 ya uzito wote wa tela na mzigo wake. Kwa kilo 603, hiyo ni kati ya kilo 30 na 60. Mizani ya kujipimia uzito nyumbani inatosha: tela likiwa sehemu tambarare na limepakiwa tayari, weka pua yake juu ya mizani usome. Ikiwa namba ni ndogo, sogeza boti au mizigo mbele. Ikiwa ni kubwa kuliko gari linavyoruhusu, rudisha nyuma.

Tela likianza kuyumba njiani, dereva asikanyage breki kwa nguvu wala kupambana na usukani. Aachie mafuta taratibu, ashike usukani wima na kuacha mwendo upungue wenyewe.

Barabara ya Bagamoyo inapita kwenye makazi mengi, yenye matuta, vivuko vya wanafunzi na bodaboda zinazoingia ghafla. Kikomo cha mwendo maeneo hayo ni kilomita 50 kwa saa. Umbali ambao gari hutumia kusimama tangu breki zikamate huongezeka haraka kuliko mwendo: kwenye kilomita 80 kwa saa unakuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya ule wa kilomita 50, na hapo bado hujahesabu tela.

Kabla ya kuondoka, kagua minyororo ya usalama kati ya gari na tela, taa za breki, indiketa, upepo wa matairi na kamba zinazoifunga boti. Simama baada ya kilomita chache ukague tena, kwa sababu kamba hulegea. Gari la gia za kujiendesha likianza kutoa harufu ya kuungua, egesha pembeni lipoe. Mafuta ya gia boksi huchemka upesi gari linapovuta mzigo.

Watoto wakae wapi

Watoto wasipande ndani ya boti inapovutwa, hata kama ni kutoka hotelini hadi ufukweni. Humo hakuna mkanda, na tuta moja linatosha kumrusha mtoto barabarani. Wote wakae ndani ya gari, wamefungwa mikanda, na wadogo wawe kwenye viti vyao.

Usiendeshe buti likiwa wazi kwa sababu ya makasia au fimbo ndefu za kuvulia. Moshi wa gari huingia ndani ukiwa na hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtoto akilalamika kichwa kinamuuma, akisikia kichefuchefu au akilegea isivyo kawaida, usidhani ni uchovu wa safari tu. Simama, mtoe nje apate hewa safi, na mpeleke hospitali.

Mkifika ufukweni, abiria wote washuke kabla tela halijaanza kurudi nyuma majini. Abaki dereva peke yake, amefungua mkanda na vioo. Mtu mzima mmoja asimame pembeni amwongoze. Mwingine awe na kazi moja tu, kuwashika watoto mbali na gari, maana boti huziba kioo cha ndani na dereva hamwoni mtoto aliye nyuma.

Mchanga na maji

Bagamoyo boti nyingi hushushwa mchangani. Gari la michezo liko chini, na likiwa linavuta kwa matairi ya mbele pekee huanza kuteleza na kujizika. Wakati wa bamvua maji hupwa mbali na kurudi kwa saa kama sita. Gari lililozama mchangani halina muda wa kungoja. Heri kuliacha gari juu kwenye ardhi ngumu, kisha kukodi gari lenye nguvu ya matairi yote manne au kuomba vijana wa pwani waisukume boti kwa magogo, kama wavuvi wanavyofanya.

Kabla ya kuingia majini, angalia utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), hasa miezi ya kusi, na hakikisha boti imekaguliwa na Wakala wa Meli Tanzania (TASAC). Kila mtoto avae jaketi okozi la uzito wake akiwa bado nchi kavu. Mnyanyue kwa mabega ya jaketi. Likimpanda hadi masikioni, ni kubwa.

Mtoto akitolewa majini hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumbinya tumbo. Mmoja apige 114 kwa Zimamoto na Uokoaji au 112 kwa polisi, mwingine ampulizie pumzi 5, kisha aendelee na migandamizo 30 ya kifua na pumzi 2 bila kukoma hadi msaada ufike au mtoto aanze kupumua. Hata akizinduka, apelekwe hospitali, kwani hali ya mapafu inaweza kubadilika saa kadhaa baadaye.

Pale hesabu inapokataa

Kama kilo zimezidi au kitabu cha gari kimekataza, bado familia haijakosa bahari. Inaweza kukodi pikapu mara moja kuifikisha boti Bagamoyo, kisha ikamlipa mtu wa kuitunza huko. Baada ya hapo kila mwishoni mwa wiki gari la nyumbani litabeba kile lilichotengenezewa kubeba: wazazi, watoto na kapu la chakula.