Usalama Si wa Kudesa

Mwaka jana kwenye mafunzo ya ualimu kwa vitendo, yaani TP, nilipangiwa shule moja ya sekondari ndani ya Manispaa ya Kigoma Ujiji. Nyumbani kabisa. Nilishukuru, maana kodi ya chumba hakuna, chakula cha mama kipo, na migebuka ya ziwani haikosekani. Nilipewa Kemia Kidato cha Pili na Fizikia Kidato cha Nne.

Wiki ya tatu, kwenye kipindi cha Kemia, taa ya spiriti ya kundi moja ilififia. Jua lilikuwa linapiga dirishani, na mwali wa spiriti kwenye mwanga mkali hauonekani vizuri. Nikadhani taa imezimika. Nikachukua chupa, nikaanza kuongeza spiriti. Moto ukaruka. Kijana aliyekuwa ameshikilia ile taa akaungua mkono wa kushoto, kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko.

Amepona, alhamdulillah. Lakini kosa lilikuwa langu, na sitaki kulizunguka.

Ofisini niliulizwa kama nilisoma mwongozo wa usalama wa maabara. Nilikuwa nimeusaini siku ya kwanza, kurasa 14. Jioni ile nikaurudia kwa utulivu. Ukurasa wa tatu unasema mwalimu afunge bomba kuu la gesi kabla ya kutoka. Maabara ile haina gesi. Ukurasa wa sita unaeleza namna ya kutumia kabati la kutolea hewa chafu. Kabati hilo halipo. Kuhusu kuongeza spiriti kwenye taa, ambayo ndiyo chombo pekee cha moto tulichokuwa nacho, hakukuwa na hata sentensi moja. Lilikuwa desa. Mtu alilitoa mahali, akabadilisha jina la shule, likagongwa muhuri, na sisi tukawa tunasaini.

Kesho yake mama wa yule kijana alikuja shuleni. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Mwalimu, wewe ulijuaje kwamba pale ni salama kwa mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Kujua sikujua, nilidhani tu.

Swali la mama kwenye kinu cha nyuklia

Wiki mbili baadaye nilikuwa naandaa mada ya mionzi kwa Kidato cha Nne. Nikaanza kusoma jinsi mitambo ya nyuklia inavyopewa kibali cha kufanya kazi, na nikakutana tena na swali la yule mama. Katika nchi nyingi, anayetaka kujenga au kuendesha kituo cha nyuklia hawezi kusema tu "nimefuata kanuni". Anatakiwa kuieleza mamlaka, kwa maandishi na kwa ushahidi, amejuaje kwamba kituo chake ni salama. Maelezo hayo humu nitayaita hoja ya usalama.

Nimechagua neno hoja kwa makusudi. Wanafunzi tunaijua hoja. Ukiandika insha unatoa dai, unalijengea sababu, unaleta ushahidi, na mhadhiri akikuuliza "kwa nini?" uwe na la kumjibu. Hoja ya usalama ni hivyohivyo. Inaeleza kituo ni kitu gani na kina nini ndani. Inaorodhesha yanayoweza kwenda vibaya, kuanzia pampu kufa hadi tetemeko la ardhi. Kwa kila moja inaonyesha kizuizi gani kipo, na ushahidi gani unathibitisha kwamba kizuizi hicho kitafanya kazi siku ya siku. Mwisho inaweka mipaka ya uendeshaji: joto lisizidi hapa, maji yasishuke chini ya pale, kifaa fulani kikiharibika kazi isimame.

Jambo la kukumbuka ni kwamba hoja hiyo inaandikwa na mwenye kituo. Kazi ya mamlaka ni kuikagua na kuibana kwa maswali. Uingereza iliweka sheria ya leseni za vituo vya nyuklia mwaka 1959, miaka miwili baada ya kinu cha Windscale kushika moto Oktoba 1957. Kwetu Tanzania anayesimamia mionzi ni Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, chini ya Sheria Namba 7 ya mwaka 2003. Hatuna kinu cha kuzalisha umeme, lakini hospitali zenye mashine za eksirei na za kutibu saratani, na viwanda vinavyotumia vyanzo vya mionzi, vyote vinapita kwake kuomba leseni.

Boti ya baba mdogo na Liemba

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wakisikia "nyuklia" wanadhani usalama maana yake ni makaratasi mengi kadiri iwezekanavyo. Sivyo.

Baba yangu mdogo ana boti ya dagaa pale mwalo wa Kibirizi. Kabla ya kutoka jioni anakagua injini, mafuta, taa, maboya ya kujiokolea, na anatazama mawingu upande wa Kongo. Dakika 10 zinatosha. Halafu kuna MV Liemba, meli iliyounganishwa hapahapa Kigoma mwaka 1915, yenye uwezo wa kubeba abiria kama 600. Ukaguzi wa dakika 10 kwenye meli kama hiyo ni kuwachezea watu maisha. Lakini mpe baba mdogo faili la Liemba alijaze kila jioni, uone. Siku ya kwanza atajaza. Siku ya pili atatia tiki zote akiwa bado anakunywa chai. Siku ya tatu hata mawingu hatayatazama, maana faili linasema kila kitu kiko sawa.

Kanuni yenyewe ni kwamba uzito wa hoja ulingane na uzito wa hatari. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, linaifuata kwa kupanga vyanzo vya mionzi katika makundi matano, la kwanza likiwa la hatari zaidi. Chumba cha eksirei kinahitaji hoja fupi: unene wa kuta, mlango, mahali anaposimama mhudumu, kifaa cha kupima dozi anachovaa kifuani, na kwamba dozi yake kwa kawaida haitapita wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, wakati mwananchi wa kawaida kikomo chake ni 1. Mashine ikizimwa, mionzi imekwisha. Mashine ya kobalti-60 ya kutibu saratani ni jambo jingine, kwa sababu kobalti haizimwi. Inapungua nusu kila baada ya miaka mitano na kidogo, umeme uwepo usiwepo. Hapo hoja lazima ijibu maswali zaidi. Nani ana ufunguo? Chanzo kikikwama nje ya kinga yake itakuwaje? Kikichakaa kitapelekwa wapi?

Msidhani ukubwa wa hatari unaonekana kwa ukubwa wa jengo. Mwaka 1987 mjini Goiânia, Brazili, watu walibomoa mashine ya tiba iliyoachwa kwenye kliniki iliyohamwa, wakaiuza kama chuma chakavu. Unga uliokuwa ndani, wenye sesiamu-137, haukufika gramu 100. Watu wanne walifariki, na wengine zaidi ya 200 wakakutwa na uchafu wa mionzi. Kliniki ilikuwa ndogo, lakini swali la "nani analinda kilichobaki?" halikuwa dogo.

Na je, tujue tumefanya vya kutosha lini? Waingereza wana kipimo kilichotoka kwenye kesi ya mwaka 1949 ya mchimba makaa ya mawe aliyefariki mgodini. Mahakama ilisema hatari ipunguzwe kwa kadiri inavyowezekana kwa busara: kinga inaweza kuachwa pale tu ambapo gharama yake inazidi mno faida yake. Kwa hiyo anayebeba mzigo wa kueleza ni yule anayesema "hii siwezi kuiweka". Umaskini peke yake haujibu swali. Ndoo ya mchanga maabara inagharimu shilingi ngapi?

Kinu kilichoko kampasi

Mfano ulionigusa zaidi uko ng'ambo ya ziwa letu, mbali huko magharibi mwa Kongo. Kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kilijengwa kwenye kampasi ya chuo kikuu. Ni Kinshasa, mwaka 1959, katika chuo kilichoitwa Lovanium ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kinshasa. Kilikuwa kinu kidogo cha utafiti, kilowati 50. Cha pili kilianza mwaka 1972, na uwezo wake ni megawati 1. Kituo cha umeme cha kawaida huzalisha joto la maelfu ya megawati.

Ukiwa mwandishi wa hoja ya kinu hicho, ungejaza kurasa nyingi kuhusu nini? Wengi tungekimbilia kuyeyuka kwa kinu, kwa sababu ya filamu na habari za Chernobyl. Lakini vinu vya aina ile, TRIGA, vimeundwa ili fueli ikipata joto kupita kiasi, mwitikio wake wenyewe unapungua. Hilo lielezwe kwa ushahidi, kisha tuendelee. Hatari iliyotokea kweli ilikuwa nyingine. Fito mbili za fueli ziliibwa, na moja ikakamatwa Italia mwaka 1998 mikononi mwa wahalifu. Tena kampasi yenyewe iko kilimani, na mmomonyoko wa udongo umekuwa tishio la miaka mingi. Kwa hiyo kurasa nene zingefaa ziwe za funguo, uzio, hesabu ya fito na udongo wa kilima. Kulinganisha uzito na hatari maana yake ni hiyo: unapunguza pasipo na kitu ili upate nafasi ya kuandika palipo na kitu.

Hoja nayo huzeeka. Sisi wa Kigoma tunalijua hilo bila kuambiwa. Miaka ya karibuni Ziwa Tanganyika limepanda, likameza nyumba na sehemu za mialo ambazo wazee walikuwa na hakika nazo. Na tunakaa juu ya Bonde la Ufa. Desemba 2005 tetemeko la kipimo cha 6.8 lilitokea chini ya ziwa hili. Aliyeandika "maji hayafiki hapa" anatakiwa arudi kuangalia.

Karatasi inapogeuka kinga ya bosi

Nisije nikaonekana nawasema walimu wenzangu peke yao, hata wakubwa hudesa. Septemba 2006 ndege ya kijeshi ya Uingereza, Nimrod, ilishika moto angani Afghanistan, wakafa watu 14. Ilikuwa na hoja ya usalama, ndefu na iliyolipiwa fedha nyingi. Uchunguzi wa mwanasheria Charles Haddon-Cave, uliotoka mwaka 2009, ulionyesha kwamba walioiandika walianza wakiamini ndege ni salama kwa kuwa imeruka miaka 30, kisha wakajaza karatasi za kuunga mkono imani hiyo. Mafuta yanayovuja karibu na bomba la moto hayakushughulikiwa. Haddon-Cave alitaka hoja za usalama ziwe fupi, ziandikwe na wanaokitumia kifaa wenyewe, zisomeke, zilingane na hatari, na zisiwe mzigo wa karatasi. Wataalamu wa nyuklia wa Uingereza nao waliyachukua mafunzo hayo.

Niliposoma pale nilikumbuka kurasa zangu 14.

Hili linatuhusu kuliko tunavyodhani. Kenya imekuwa na mpango wa kinu cha umeme, na wananchi wa Uyombo, Kilifi, waliupinga hadharani. Uganda inaandaa eneo la Buyende. Kwetu kuna urani ya Mto Mkuju, Namtumbo. Tutakaokuwa walimu, wahandisi, maofisa wa halmashauri na wanahabari wa miradi hiyo ni sisi tuliopo madarasani leo. Ukiletewa faili la kurasa 900, usiulize kama lina muhuri. Uliza: mmejuaje? Nani kaandika, anakaa hapa au kanakili? Hatari kubwa zaidi iko ukurasa wa ngapi, na mhudumu wa zamu ya usiku anaweza kuusoma akauelewa? Ukiambiwa "hayo ni ya kitaalamu", jua hoja haijakamilika.

Ukurasa mmoja

Siku chache kabla TP haijaisha, nilikaa na fundi wa maabara tukaandika ukurasa mmoja. Una vyombo tulivyonavyo, na vinavyoweza kutuunguza au kutusumisha. Taa ya spiriti inajazwa ikiwa baridi, nje ya meza ya jaribio, na kabla ya kujaza unaifunika kwa kifuniko chake hata kama unaamini imezimika. Chini tuliandika sababu ya kila sharti, pamoja na ajali yangu, bila jina la kijana.

Kisha tukawasomea Kidato cha Pili na kuwaomba watuonyeshe tulipokosea. Binti mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, mmeandika ndoo ya mchanga ipo. Lakini huwa inafungiwa stoo, na ufunguo anao mwalimu wa michezo."

Alikuwa sahihi. Tulikuwa tumeandika kinga ambayo haikuwepo, kama lile desa tu. Tukaenda stoo siku hiyohiyo. Nilipoaga, ndoo ilikuwa kando ya mlango wa maabara, imejaa mchanga wa ziwani, na yule kijana mwenye kovu ndiye aliyepewa zamu ya kwanza ya kuikagua.