Mia Mbili ya Mchana: Ule Wapi Homa Bay, Ule Wapi Migori

Muulize mkazi wa Makongeni, mjini Homa Bay, wapi pa kula samaki: atakutajia kibanda kimoja na kuapa kwamba vingine vyote ni vya wageni. Wa Sofia atakutajia kingine na kumcheka wa kwanza. Migori nako, wa Oruba na wa Ombo hawatakubaliana ni buchari gani inayopima kilo iliyokamilika. Ubishi wenyewe ni mtamu, ila haumsaidii mtu mwenye mia mbili mfukoni na saa moja ya chakula cha mchana, kwa kuwa wabishi hushindanisha majina. Bei ya sahani na utamu wake huamuliwa zaidi na mambo yaliyotangulia jiko: kitoweo kimesafiri umbali gani, kimevuliwa au kuchinjwa lini, na kiti unachokalia kinalipiwa na nani. Ukipima kwa vigezo hivyo utakuta miji hii miwili haina haja ya kushindana, maana kila mmoja una chakula chake unachokiuza vizuri kuliko mwenzake.

Bei zinazotajwa hapa ni makadirio ya miaka ya karibuni, za kukusaidia kulinganisha. Ubao ulioandikwa chaki mlangoni ndio wenye neno la mwisho.

Samaki: mwanzo ni Homa Bay

Homa Bay imekaa ukingoni mwa Ghuba ya Winam. Ngege aliyeshushwa alfajiri anaweza kuwa kwenye karai la mama samaki kabla ya adhuhuri, bila kupita kwa madalali wengi. Mji wa Migori hauna ufuo. Kaunti yake inagusa Ziwa Victoria upande wa Nyatike, kwa hiyo samaki wa mjini hutoka Sori, Muhuru Bay na fuo za jirani, hupanda gari au pikipiki, huhitaji barafu, na kila aliyemshika njiani hutaka chake. Tofauti hiyo huishia kwenye sahani. Kwa shilingi 300 hivi, kibanda cha Homa Bay mara nyingi kitakupa samaki mzima wa kiasi, ugali na mboga. Migori, kwa pesa hizo hizo, tarajia samaki apungue kimo au akatwe kipande.

Lakini kuwa karibu na maji hakumaanishi kwamba kila ngege amevuliwa humo kwa wavu. Tangu miaka ya 2010 ufugaji wa samaki katika vizimba umeenea ziwani, na Victory Farms, mojawapo ya kampuni kubwa za biashara hiyo, iko Roo, katika kaunti hii hii ya Homa Bay. Kwa mnunuzi, samaki wa kizimba ana faida mbili: saizi yake inalingana sahani hadi sahani, na hapotei sokoni kwa sababu ya upepo mbaya. Wazee watakuambia nyama yake ni laini mno na kwamba wa ziwani ana mshiko. Hilo ni la ulimi wako. La pochi ni kwamba hupaswi kulipa bei ya ngege wa ziwani ukaletewa wa kizimba, wala kulipa bei ya wa kizimba ukaletewa aliyegandishwa kutoka China. Samaki wa China wamekuwa wakiuzwa hata Kisumu, na agizo la Rais Uhuru Kenyatta la kuwazuia, mwishoni mwa 2018, halikudumu.

Na samaki wa leo utamjuaje? Mafuta moto huficha umri. Samaki aliyekaangwa mpaka akakauka huweza kuwa wa jana au wa juzi, na pilipili ikamalizia kazi. Omba uonyeshwe kabla hajaingia mafutani: macho yawe maangavu, matamvua mekundu, na nyama irudi ukiibonyeza. Kama wote wamekwisha kukaangwa, agiza wa mchuzi na uone kama mpishi anasitasita. Tazama na urefu. Sheria za uvuvi ziwani zinamtaka ngege asipungue sentimita 25, na mbuta awe kati ya sentimita 50 na 85. Ngege wa ziwani anayeenea kiganjani hakupaswa kutoka majini, hata awe rahisi namna gani.

Mbuta ana hesabu yake. Minofu mingi ya samaki huyu huenda viwandani na kusafirishwa nje ya nchi, na kinachobaki ni mifupa yenye kichwa na nyama iliyoshikilia, ile inayoitwa mgongo wazi. Ikikaangwa vizuri na kutiwa nyanya, hakuna kitoweo cha samaki kinachokupa mchuzi mzito hivyo kwa bei ndogo hivyo. Ila ni chakula cha mtu asiye na haraka, kwa sababu ya miiba. Ukiwa na mkutano saa nane, kiache.

Omena, mwezi na kalenda

Omena ndiyo ngao ya mwenye mfuko mwembamba: sahani yenye ugali na mboga huwa karibu shilingi 100 hadi 150 vibandani. Hata hivyo bei yake haitulii. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazivutii kitu, wavuvi hupumzika na gorogoro hupanda bei sokoni. Zaidi ya hapo, upande wa Kenya uvuvi wa omena hufungwa kuanzia tarehe 1 Aprili hadi tarehe 31 Julai ili zizaliane. Katika miezi hiyo unakula akiba au mzigo uliotoka kwingine. Mwenye kibanda ama atapandisha bei, ama atapunguza upawa, na wengi huchagua upawa kwa kuwa mteja hauoni upesi. Ukikuta sahani ya omena imepungua mwezi wa Juni, usimhame mama huyo kwa hasira. Badilisha kitoweo mpaka Agosti.

Kipimo kingine cha kibanda kizuri ni mboga. Sukuma wiki hupikwa dakika chache na kila mtu anayo. Mboga za kienyeji kama osuga na dek zilizochemshwa taratibu na kulazwa na maziwa mpaka uchungu ukatoka zinataka muda na makaa, na anayezihudumia bila kuongeza bei anakupa zaidi ya unacholipia. Tazama ugali pia. Unga wa posho, hasa ukichanganywa na mtama au muhogo, hushibisha kuliko unga mweupe wa pakiti, na vibanda vingi huutumia kwa sababu ni nafuu. Uliza mapema kama ugali wa kuongeza ni wa bure. Sahani ya 180 yenye nyongeza inaweza kuwa rahisi kuliko ya 150 inayokulazimu kununua chapati mbili baadaye.

Nyama na wali: geukia Migori

Migori iko kwenye barabara kuu ya A1 inayotoka Kisii kwenda Isebania na kuvuka mpaka hadi Sirare, Tanzania. Malori, mabasi, wachuuzi na wachimba dhahabu wa upande wa Macalder wote hupita au kuja mjini wakiwa na njaa, na kila kundi lina ladha yake. Ng'ombe hutoka Kuria na Trans Mara. Mchele wa Tanzania huingia kwa wingi. Ndiyo maana sahani ya wali kwa maharagwe, pilau ya hoteli za Waislamu, au ugali kwa nyama ya mchuzi, kwa kati ya shilingi 120 na 250, ndizo zinazokupa thamani. Anayeshikilia samaki Migori kila siku anajilipisha nauli ya pikipiki iliyotoka Sori.

Nyama choma ina mtego wake. Buchari hupima nyama ikiwa mbichi, pamoja na mfupa, na moto huondoa maji na mafuta: kilo moja inaweza kupungua kwa robo hadi theluthi. Watu wanne wanaogawana kilo moja, kila mmoja hapati robo kilo ya kutafuna, bali gramu 170 hadi 190 hivi, na mfupa umo humo. Kwa hiyo usilinganishe buchari kwa bei ya kilo peke yake. Simama mizani inaposomwa, chagua sehemu mwenyewe, kisha uliza kama kachumbari na ugali vimo ndani ya bei au vinalipiwa. Zipo buchari zinazokupa bakuli la supu ukisubiri. Supu hiyo ni bei iliyopunguzwa kimyakimya, ihesabu.

Na kuvuka mpaka kwenda kula Sirare? Kwa shilingi moja ya Kenya unapata takriban 20 za Tanzania, na wali au chipsi mayai za kule huwavutia wengi. Ukiwa tayari Isebania, sawa. Kutoka Migori mjini kwa ajili ya sahani tu, nauli italamba faida yote.

Kiti kinalipiwa na nani

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, miji yote miwili imekuwa makao makuu ya kaunti, na ofisi zikaleta wateja wenye mshahara, semina na risiti. Hao ndio wateja wa hoteli za hadhi, mfano Hippo Buck ya Homa Bay. Sahani ile ile ya ngege huko inaweza kuwa mara mbili au tatu ya kibandani, na si ulafi mtupu. Biashara yenye mauzo ya shilingi milioni 5 au zaidi kwa mwaka hutakiwa kutoza VAT ya asilimia 16, na hoteli za kiwango hicho hubeba pia ushuru wa utalii wa asilimia 2. Chakula cha shilingi 1,000 kabla ya kodi kinafika 1,180. Ongeza jenereta, maegesho, choo safi na utulivu wa kuzungumza. Ukiwa na mgeni au mkataba wa kutia sahihi, unanunua hivyo, na vina thamani yake. Ukiwa peke yako na njaa, unavilipia bure.

Siku za sherehe ni tofauti. Madaraka Dei ya 2025 ilipofanyika Homa Bay, mji ulifurika wageni. Siku kama hizo kula mapema, au kula mbali na uwanja.

Kuhusu usafi, bei haithibitishi chochote. Wanaoshika chakula wanatakiwa kuwa na cheti cha afya kinachofanywa upya kila baada ya miezi 6, na kukiulizia si utovu wa adabu. Maji ya kunawa yenye sabuni, na sufuria inayoisha kila mchana, hukueleza mengi kuliko vigae vya ukutani.

Hesabu ya mwisho

Mfanyakazi anayekula nje siku 22 kwa mwezi, akihama kutoka sahani ya 250 hadi ya 150, anaokoa shilingi 2,200. Lakini akipanda boda ya 50 kwenda na 50 kurudi ili afike kibanda kinachosifiwa, sahani yake ya 150 imerudi palepale kwenye 250. Kibanda kizuri kilicho umbali wa kutembea kinakishinda kile maarufu kilicho mbali. Lipa kwa till, ambayo haimkati mteja. Ukiombwa utume kwenye nambari ya mtu, ada ya kutuma ni yako.

Kwa mia mbili: Homa Bay, omena kuanzia Agosti hadi Machi na mgongo wazi miezi iliyobaki, Migori, wali maharagwe au ugali matumbo. Kwa mia tano: Homa Bay, ngege wa mchuzi aliyeonyeshwa akiwa mbichi, na osuga, Migori, nusu kilo ya choma kwa wawili mnaochanga. Kwa elfu mbili na wageni watatu: Homa Bay, nunueni samaki wakubwa wawili sokoni na mtafute mama atakayewapikia kwa ada, kisha mkanywe chai katika hoteli yenye kiti kizuri, Migori, agizeni pilau na kilo ya nyama, na samaki msiwaguse isipokuwa mwenye hoteli awaambie, bila kufikiri, ameshushwa ufuo gani na saa ngapi.