Umeme unaookoa leo utauokoa mpaka lini? Hesabu kutoka Beltsville

Muuzaji wa AC hana shida na mwaka wa kwanza. Atakufungulia karatasi, akuoneshe bili itashuka kiasi gani, kisha azidishe mara 15 na kukutajia jumla ya kutia tamaa. Ile nambari ya mwaka mmoja mara nyingi haiko mbali na ukweli. Matata yako kwenye ile 15. Nani kasema miaka 15? Na AC hiyo, mwaka wa 15, itakuwa bado iko ukutani kwako na inafanya kazi kama siku ya kwanza?

Wengi wetu tunaliuliza swali hili baada ya kulipa. Lakini ziko sehemu duniani ambako linaulizwa kabla, tena kwa sheria. Mfano mmoja mzuri ni Beltsville, mji mdogo wa Maryland, Marekani, kama kilomita 20 kutoka Washington. Kule baridi ni kali na joto la kiangazi lina unyevu, kwa hivyo nyumba inakula umeme au gesi pande zote mbili za mwaka.

Pesa inatoka mfukoni mwa kila mtu

Mwaka 2008 Maryland ilipitisha sheria ya EmPOWER Maryland. Lengo lake lilikuwa kupunguza matumizi ya umeme kwa kila mkaazi kwa asilimia 15 hadi mwaka 2015. Baadaye sheria ikaendelezwa, na mwaka 2024 malengo yake yakageuzwa kuelekea kupunguza gesi zinazochafua hewa.

Kazi ikapewa kampuni za umeme, zikiwemo Pepco na BGE zinazohudumia eneo hilo la Washington na Baltimore. Fundi anakuja nyumbani kukagua, anabadilisha taa, anafunga shawa inayotumia maji ya moto kidogo. Mwenye nyumba akiziba nyufa au akiongeza tabaka la kuzuia joto juu ya dari, anarudishiwa sehemu ya gharama. Mteja anaambiwa ukaguzi ni bure, lakini bure hakuna. Gharama ya mpango inaingizwa kwenye bili za wateja wote, hata yule ambaye hajawahi kumuona fundi mlangoni kwake.

Ndipo inapokuja hesabu ya miaka. Tume inayosimamia huduma za umma katika jimbo inataka kujua: faida inazidi gharama, au haizidi? Kuzuia joto darini kunaweza kuonekana hasara ukihesabu miaka mitano, na kukawa biashara nzuri sana ukihesabu 25. Kampuni ikiongeza miaka, wateja wanalipia umeme ambao hautaokolewa kamwe. Ikipunguza miaka, kazi nzuri inakataliwa na familia zinaendelea kulipia baridi inayovuja. Nambari moja tu, lakini pesa nyingi zinaning'inia juu yake.

Nusu ya mia

Wataalamu hawahesabu umri wa kifaa kwa kuangalia alichoandika mtengenezaji kwenye boksi. Wanatumia kipimo kingine. Chukua nyumba 100 zilizofungwa kifaa cha aina moja. Subiri mpaka zibaki 50 ambazo kifaa bado kipo na bado kinafanya kazi. Mwaka huo ndio unaitwa umri wake wa manufaa. Nyumba nyingine zitakuwa zimekipoteza mapema, nyingine zitakaa nacho muda mrefu zaidi.

Sasa, nani atasubiri miaka 25 kujua jibu? Hakuna. Kwa hiyo wanakwenda kukagua baada ya miaka michache, kisha wanakisia yaliyobaki. Na hapa ndipo akili inapohitajika.

Tuseme baada ya miaka mitano wamekuta vifaa 85 kati ya 100. Ukisema vitatu vinapotea kila mwaka bila kubadilika, utafika nusu karibu mwaka wa 17. Ukisema kila mwaka inapotea asilimia ile ile ya vilivyobaki, utafika nusu karibu mwaka wa 21. Lakini ukisema mashine ni kama binadamu, kwamba ujanani hufa chache na uzeeni hufa nyingi, nusu inaweza kufika mwaka wa 10 au 11. Ukaguzi ni ule ule na vifaa ni vile vile 85, lakini majibu matatu yamepishana mara mbili. Ndiyo maana ripoti nzuri inakwambia pia imekisia kwa njia gani.

Kwa jumla, majedwali yanayotumika Marekani hulipa tabaka la kuzuia joto darini kama miaka 20 hadi 25, AC ya nyumba nzima miaka 15 hadi 18, na shawa ya kupunguza maji karibu miaka 10. Tabaka la darini linaongoza kwa sababu halina mota, halina waya, na hakuna mtu anayekwenda kulichezea.

Kifaa kipo, kuokoa kumekwisha

Kuvunjika ni njia moja tu ya kupoteza. Ziko nyingine ambazo hazionekani kwa macho.

Ya kwanza, kung'olewa. Shawa ya kupunguza maji inafungwa leo, mwezi ujao mwenye nyumba anachoka na maji kidogo, anairudisha ile ya zamani. Shawa mpya ni nzima kabisa, imo kabatini.

Ya pili, kuchoka. AC iliyojaa vumbi inaendelea kutoa ubaridi, lakini inatumia umeme mwingi zaidi kwa ubaridi ule ule. Kidhibiti joto kilichopangwa vizuri na fundi kinabonyezwa na watoto mpaka mpangilio wote unapotea.

Ya tatu ni ngumu kidogo: kupitwa na wakati. Chukua taa ya LED. Boksi linasema saa 15,000. Ukiiwasha saa tatu kwa siku, hiyo ni karibu miaka 14. Ikichukua nafasi ya taa ya zamani ya wati 60, nayo ikala wati 9, unaokoa takriban uniti 56 kwa mwaka. Mtu atasema basi tuzidishe mara 14. Subiri kwanza. Tangu Agosti 2023, kanuni ya Marekani inayozuia kuuzwa kwa taa nyingi za kawaida zinazokula umeme sana inatekelezwa kikamilifu. Maana yake, hata kama hukupewa LED na mpango wowote, taa yako ya zamani ikiungua ungenunua LED tu, kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani. Bili yako bado iko chini, alhamdulillah, lakini mpango hauwezi kujisifia kwa miaka 14 yote. Unaweza kudai ile michache tu ambayo ungeendelea kukaa na taa ya zamani.

Kwa hivyo swali la haki siku zote ni hili: bila kitu hiki, mambo yangekuwaje?

Barua iliyowabadilisha watu

Kuna kuokoa umeme kusikohitaji kifaa chochote. Kampuni ya Opower, iliyoanzishwa mwaka 2007 na kuweka makao yake Arlington, Virginia, ng'ambo ya mto kutoka Washington, ilipata umaarufu kwa barua tu. Barua inakwambia: mwezi huu umetumia umeme kuliko jirani zako wenye nyumba kama yako. Watu wakaona haya, wakapunguza.

Lakini tabia inadumu muda gani? Watafiti Hunt Allcott na Todd Rogers walilifuatilia hilo, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 2014. Waliona kwamba mwanzoni watu wanashtuka barua inapofika, wanabana matumizi, kisha siku zikipita wanalegea mpaka barua nyingine ije. Kwa nyumba zilizopokea barua kwa kama miaka miwili halafu zikakatiwa, kuokoa hakukufa siku ile ile. Kulipungua kwa asilimia 10 hadi 20 kila mwaka.

Hapa kuna somo kwa kila mzazi. Ukiwaambia watoto mara moja wazime AC wakitoka chumbani, utapata wiki moja. Ukiwaambia miaka miwili, inakuwa ada ya nyumba, na hata ukinyamaza inabaki kwa muda.

Jengo likihamwa

Beltsville inajulikana zaidi kwa kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo cha serikali ya Marekani, kilichoanza mwaka 1910 na kuchukua zaidi ya ekari 6,000. Julai 2025 wizara ya kilimo ilitangaza mpango wa kuondoka katika kituo hicho kwa hatua, kwa muda wa miaka kadhaa.

Wafanyakazi wana machungu yao, na hayo ni habari nyingine. Kwa hesabu yetu, tangazo kama lile linafundisha jambo ambalo jedwali haliandiki. Sheria ya Marekani inaruhusu ofisi za serikali kuu kufungiwa mitambo mipya na kampuni binafsi, kisha kuilipa kampuni kutokana na bili inayopungua, kwa mkataba wa hadi miaka 25. Sasa fikiria jengo lolote lililowekewa mtambo wa miaka 20, na mwaka wa nane watu wakahama. Mtambo ni mzima, dari liko sawa, lakini hakuna umeme unaookolewa kwa sababu hakuna anayeutumia. Umri wa kifaa hauwezi kuzidi umri wa matumizi ya jengo lenyewe.

Hili linatugusa sisi moja kwa moja. Huku Ghuba familia nyingi zinakaa nyumba za kupanga. Ukifunga AC ya bei kubwa kwenye fleti ambayo mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja, hesabu yako si miaka 15. Ni miaka utakayokaa, au mpaka utakapoing'oa na kuhama nayo, na kuihamisha nako kuna gharama.

Kwetu sisi je?

Zamani hesabu hizi hazikutuumiza kichwa kwa sababu umeme ulikuwa rahisi. Mambo yamebadilika. Oman ilianza mwaka 2021 kupunguza ruzuku ya umeme wa majumbani hatua kwa hatua. Dubai ilianzisha Etihad ESCO mwaka 2013, ikiwa na lengo la kukarabati majengo 30,000 ifikapo 2030 ili yatumie umeme kidogo. Kila mkataba wa namna hiyo unasimama juu ya swali lile lile la miaka.

Ila tusichukue majedwali ya Maryland kama yalivyo. AC ya Beltsville inapumzika miezi kadhaa ya mwaka. Ya Maskati au Sharjah inakimbia karibu mwaka mzima, usiku na mchana, katikati ya vumbi na chumvi ya bahari. Haiwezi kuzeeka kwa mwendo mmoja na mwenzake.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme AC nzuri inazidi ya kawaida kwa rial 60, na inakuokolea rial 18 kwa mwaka. Muuzaji anasema itadumu miaka 12: rial 216. Lakini tuseme huisafishi ipasavyo na kila mwaka inapoteza asilimia tano ya ule uokoaji wake. Jumla inashuka hadi karibu 165. Na ikifa mwaka wa saba kwa chumvi, hata bila kuchoka, ni 126. Bado una faida, lakini si ile uliyoahidiwa. Tofauti hiyo inaamua kama ukope pesa au usikope. Mkopo una tarehe yake, nao haujali kama AC bado inafanya kazi.

Kabla hujalipa, muulize muuzaji au fundi mambo manne. Miaka hii umeipata wapi, kwenye boksi au kwa wateja waliokwisha kuitumia hapa hapa? Inahitaji kusafishwa mara ngapi na kwa kiasi gani? Nikihama, naweza kwenda nayo? Na nisiponunua hii, ile ya kawaida iliyopo dukani leo ingekula umeme kiasi gani? Swali la mwisho ndilo linalowakwaza wengi, kwa sababu wamezoea kulinganisha na AC yako kuukuu ya miaka 20.

Kisha weka bili zako. Chukua za mwaka mmoja kabla na kila mwaka baada ya kubadilisha kitu, uzilinganishe mwezi kwa mwezi, Juni na Juni, Januari na Januari, kwa uniti na si kwa pesa, kwa sababu bei hubadilika. Kama mwaka joto halikuzidi, wageni hawakuongezeka na uniti zinapanda polepole, ujue kuna kitu kimechoka. Mwite fundi asafishe kabla hujanunua kipya.

Bahasha ya bili za miaka mitano kabatini itakwambia mengi kuhusu nyumba yako kuliko boksi lolote la dukani.